Tembo la Harusi ya Sidi

Kadi ililetwa shuleni na kijana wa bodaboda, ndani ya bahasha ya waridi yenye kung'aa. Mpwa wangu Kadzo, binti wa dada yangu Sidi, anaolewa, na kabla ya siku yenyewe rafiki zake wamemwandalia sherehe ya wanawake katika hoteli moja hapa Malindi. Juu ya kadi, kwa herufi za dhahabu zilizopinda kama mikia ya panya, limeandikwa neno la Kiingereza, "bridal". Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na neno hilo nimelisahihisha kwenye insha za wanafunzi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini siku ile nililiona karibu na jina la mtoto wa Sidi. Niliinuka, nikaenda kwenye kabati la vitabu, nikaitoa kamusi kubwa, ile inayoeleza maneno yalikotoka, ambayo hakuna mwalimu anayeigusa kwa uzito wake.

Niliyoyasoma yalinikalisha chini. Neno lile, ambalo leo linanukia maua na keki, limetokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale. La kwanza ni bibi harusi. La pili ni "ale", bia. Huko kwao, hapo kale, lilikuwa jina la karamu yenyewe: bia ya bibi harusi, siku ambayo jamaa na majirani walikusanyika kunywa kwa ajili yake. Ikapita miaka, watu wakasahau, wakadhani ule mwisho wa neno ni kiambishi tu kisicho na maana. Bia ikabaki humo ndani imejificha.

Nikaendelea kusoma, maana hasira ikishanipanda sijui kuacha. Hiyo "ale" ilikuwa bia ya nafaka, ikipikwa na wanawake majumbani mwao, kabla watu hawajazoea kuitia yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia za leo. Ilikuwa ya kila siku na ya kila shughuli, hata karamu zikaitwa kwa jina lake. Na kanisa nalo lilikuwa na ale yake. Waumini walipika, wakauziana, wakanywa uwanjani, na kilichopatikana kikaenda kukarabati paa la nyumba ya Mungu. Nilifunga kamusi kwa kishindo hata mwalimu wa hisabati akaniuliza kama nimeumwa na nge. Nikamwambia ndiyo, tena zamani sana.

Nge mwenyewe alikuwa na jina. Alikuwa Mwalimu Penina.

Kwetu ni upande wa Rabai, kwenye vilima vya minazi. Baba yangu alikuwa mgema wa tembo, pombe ya mnazi. Alfajiri na jioni alikwea minazi yake, kisu kikiwa kiunoni na vibuyu vidogo vikigongana mgongoni, akakata ncha ya ua la mnazi kipande chembamba kama ukucha, akakinga, akashuka. Tembo la asubuhi lilikuwa tamu na lenye mapovu, nasi watoto tulilambishwa kidogo kwenye kidole. Kufika adhuhuri lilikuwa limeshachachuka, na harufu yake ilijaa ua mzima, ikaingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye mikeka. Kwangu ilikuwa harufu ya Baba, na sikujua kama kuna baba anayenukia vingine. Niliipenda mpaka nilipoingia darasa la nne.

Mwalimu Penina alitufundisha Kiingereza siku za wiki, na Jumapili akatufundisha watoto kanisani. Alitoka chuoni na viatu vyenye kisigino na kitambaa cha kufuta pua chenye maua. Alikuwa mzaliwa wa kilima cha pili, na kila mtu mzima alijua kwamba babake naye alikuwa mgema, na kwamba ada ya chuo ilishuka kutoka juu ya mnazi. Sisi watoto hatukujua, na yeye hakututajia. Alitundika ukutani kalenda kuukuu yenye picha ya bibi harusi wa Kizungu, gauni jeupe limemwagika mpaka chini ya ngazi. Akaandika ubaoni lile neno, "bridal", akatuimbisha: gauni la harusi, keki ya harusi, wapambe wa harusi, yote kwa Kiingereza. Kisha akaweka chaki chini, akatuambia kwa Kiswahili, ili tusikie vizuri, kwamba watu wenye akili huoa kwa gauni, keki na soda. Wale wanaooa kwa tembo, alisema, huwauza binti zao kwa kibuyu, na msichana aliyenywewa tembo hulia maisha yake yote.

Nilimwamini kama nilivyoamini kwamba mbili na mbili ni nne. Siku ile ile nilinusa ukosi wa gauni langu la shule, nikahamia dawati la nyuma.

Wakati huo dada yangu Sidi alikuwa na miaka kumi na minane. Mama yetu alikuwa na kazi nyingi, kwa hiyo mimi nililelewa mgongoni mwa Sidi, na chakula changu cha kwanza alikitafuna yeye kabla ya kunipa. Alishona makuti kuliko mwanamke yeyote wa pale, mistari imenyooka kama ya daftari. Ndivyo alivyojuana na Karisa. Karisa alikuwa mkulima kijana wa Jilore, na alikuja kwetu kununua makuti ya kuezekea nyumba yake. Akaja tena, akaja tena, mpaka Mama akamuuliza hiyo ni nyumba gani isiyotosheka makuti, au anaezeka wilaya nzima. Karisa aliangalia chini akacheka. Sidi naye alijidunga kijiti kwenye kidole. Hata mimi mtoto niliona kwamba wanapendana, na kwa sababu hiyo nilishikwa na hofu. Sikutaka Sidi alie maisha yake yote.

Hapa inabidi nieleze desturi, kwa ajili ya wale waliokulia mijini. Kwetu mahari ni mambo mengi, lakini kinachoifanya ndoa kuwa ndoa ni kadzama, kibuyu kikubwa cha tembo ambacho upande wa mume huleta kwa wazee wa mke. Huwekwa ndani, katika chumba cha mwari. Wageni wakishakaa, mwari huitwa, huulizwa mbele ya watu kama tembo hili linywewe. Akitaka, huonja yeye kwanza, kisha humpa babake kwa mikono yake, na babake akinywa, yamekwisha, huyo ni mke wa watu. Asipotaka, hana haja ya kusema neno. Hulimwaga. Mwari akilimwaga, hilo ni jibu, na hakuna wa kumuuliza sababu. Lakini mtu mwingine akilimwaga, huo ni uadui na laana, na wazee humtaka aapishwe, kiapo kinachoogopwa kuliko kipigo. Mimi niliijua nusu tu ya hayo. Nilijua tembo likinywewa, Sidi ameolewa kwa tembo. Nusu ile nyingine hakuna aliyeona haja ya kumwambia mtoto.

Watu wa Jilore walifika asubuhi ya Jumamosi, Karisa akiwa kati yao. Kwao minazi ni michache, kwa hiyo tembo walilinunua kwa mgema wa kilima cha pili, maana haikuwa adabu Baba ageme tembo la binti yake mwenyewe. Kibuyu kilikuwa kinanifika kifuani. Mdomoni kilizibwa kwa majani, na mapovu yalikuwa yakichuruzika pembeni na nyuki wawili watatu wanakizunguka. Kikaingizwa chumbani mwa Sidi. Sidi alikuwa amekwishavaa, shanga mpya shingoni, na akaitwa nje mara moja na shangazi ili apakwe mafuta. Mama alikuwa jikoni na wanawake wenzake. Akanipungia mkono, akaniambia nikae na kibuyu, nisiruhusu mtu akiguse.

Nilikaa nacho. Nililitazama lile povu, nikaona gauni jeupe limemwagika mpaka chini ya ngazi. Nikawaza kwamba tembo lisipokuwapo, watatafuta soda, na wakitafuta soda itabidi watafute na keki, na Sidi ataolewa kama mtu mwenye akili. Nikatoa majani. Nikakikumbatia kibuyu, nikakiinamisha kwa nguvu zangu zote. Tembo likatoka kwa mkupuo, likanirowesha kifuani, likanirowesha magoti, likaenea kwenye sakafu ya udongo. Udongo ukanywa. Nilidhani litakauka haraka kama maji ya kunyunyiza wakati wa kufagia. Nikakisimamisha kibuyu, nikarudisha majani, nikatoka kwa mlango wa nyuma na moyo mweupe kama wa malaika.

Wazee walipokuwa wamekaa, shangazi alitumwa kukileta. Akatoka na kibuyu mkono mmoja, chepesi, akakiweka katikati ya wanaume. Mjomba wake Karisa alikigeuza juu chini. Likadondoka tone moja. Alisema tu, kwa upole, "Tumejibiwa," akaanza kutafuta bakora yake.

Baba alisimama. Alimwita Sidi, Sidi akaja na mafuta usoni, hajui lolote. Alikiona kibuyu, akaona mlango wa chumba chake na unyevu uliofika kizingitini. Kisha macho yake yakazunguka ua wote, taratibu, mpaka yakanifikia mimi nyuma ya wanawake, na gauni langu la shule limenigandia mwilini. Baba akamuuliza, "Ni wewe?"

Sidi alimtazama Karisa. Alimtazama muda ambao hata leo nikifumba macho naweza kuupima. Kisha akasema, "Ni mimi, Baba."

Karisa aliinuka na wenzake wakaenda zao, na shangazi akafunga kanga yake kiunoni akasema maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Nilikasirika. Nilidhani Sidi ameniibia sifa. Kazi nimeifanya mimi, nimelowa mimi, na yeye mbele ya watu wote anajidai ndiye aliyelimwaga. Mchana ule alinivua gauni nyuma ya nyumba, akalifua, akalifua tena, akalisugua kwa ndimu hadi harufu ikaisha. Alikuwa akilia. Mimi nilimwambia asilie, gauni jeupe litakuja. Akaniangalia kama mtu anayesikiliza lugha ya mbali. Jumatatu nilimweleza Mwalimu Penina niliyoyafanya. Alinisimamisha mbele ya darasa, akawaambia wenzangu wanipigie makofi bila kuwaeleza sababu, akanipa penseli mpya yenye kifutio. Ndiyo, alinipa penseli. Niliitumia mpaka ikawa fupi kama kidole gumba, na kwa miezi mingi niliangalia njia ya Jilore nikingoja wageni waje na keki.

Hawakuja. Mwaka haukuisha kabla Karisa hajaoa kwao. Sidi akaendelea kushona makuti. Baadaye alikuja mwanamume mmoja wa mjini, mwenye maneno mengi na suruali ya pasi, akasema hana haja na mambo ya kishamba ya vibuyu. Kwa hiyo hapakunywewa kitu. Kadzo alipoanza kutambaa, yule bwana alikuwa keshapanda basi, na hapakuwa na mzee hata mmoja wa kumfuata, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amenywa tembo lake. Kadzo akabaki kwetu, na jina la ukoo wetu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu niliposikia nusu ile nyingine ya desturi. Shangazi alikuwa akimfunda binamu yangu, nami nilikuwa pembeni nakuna nazi. Aliposema mwari akilimwaga hilo ni jibu, mkono uliteleza kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kovu lake ninalo. Nilielewa yote kwa mara moja. Nilielewa kwamba Sidi alikuwa na njia mbili tu, kunitoa mimi kwa wazee niapishwe, au kumtoa Karisa. Na tangu siku ile niliyoelewa nilikaa kimya. Nimekaa kimya nikasoma, nikawa mwalimu, nikanunua viatu vyenye kisigino. Kila mwezi nilimtumia Sidi kitu kidogo cha matumizi, nikajiambia naye ameona kwamba najuta.

Kwa hiyo mnielewe nilivyosimama pale mbele ya kabati la vitabu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Bia yao wameitia ndani ya neno, wakaliremba kwa dhahabu, wakaliuza mpaka Rabai. Tembo letu likaitwa dhambi, na aliyetufundisha hivyo alitumia lile lile neno lenye bia tumboni. Nilimkasirikia Mwalimu Penina kwa kujua kidogo na kusema kwa sauti kubwa. Niliwakasirikia waliomfundisha yeye. Niliwakasirikia na wazee wetu, wote wale waliokaa uani, ambao waliutazama udongo uliolowa kuliko walivyoutazama uso wa msichana. Hakuna hata mmoja aliyesema, hebu huyu binti aulizwe tena. Nilipiga picha ule ukurasa wa kamusi, nikauchapisha, na Jumamosi nikapanda gari kwenda Rabai nikiwa na hasira ya kutosha watu kumi.

Nilimkuta Sidi chini ya kibanda akishona makuti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kusimamisha mikono. Anashona ya kuezekea jukwaa la harusi ya Kadzo, maana Kadzo anataka yote mawili. Ataenda kwenye sherehe yake ya hoteli, kisha atakuja Rabai, na Baba, mzee sasa na macho yameingia ukungu, atanyweshwa tembo kwa mikono ya mjukuu wake. Mtungi umeshaagizwa. Siku hizi si kibuyu, ni mtungi wa plastiki wa manjano uliokuwa wa mafuta ya kupikia.

Nilikaa karibu naye nikaanza. Nilimsomea ule ukurasa, nikamtafsiria mstari kwa mstari. Nilimweleza bia ya bibi harusi, nilimweleza kanisa na paa lake, nilimtukana Mwalimu Penina na visigino vyake. Nikamuuliza haoni jinsi tulivyofanywa wajinga. Sidi alikunja kuti juu ya kijiti, akashona, akakunja lingine. Nilipomaliza aliniuliza kama nimekula.

Nikamwambia, "Dada, husikii ninayokwambia?"

"Nimesikia," akasema. "Wazungu walikunywa. Sasa?"

Akaweka kijiti mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike akaniangalia.

"Ule mwaka wa kwanza nilikungoja kila siku," akasema. "Nikajiambia, mtoto huyu, akikua ataelewa. Ukakua. Ukaelewa, nilikuona siku uliyojikata kwa mbuzi ya nazi. Nikasema, sasa atakuja. Sikuwa namngoja Karisa, mdogo wangu, Karisa alikuwa na mke. Nilikuwa nakungoja wewe. Kiingereza chote hicho umekijua, na mimi nilikuwa nataka maneno mawili tu."

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu bado. Nilitafuta hasira yangu yote niliyokuja nayo, ya kutosha watu kumi, nikakuta imegeuka na kunitazama mimi. Baba alikuwa barazani, anaota jua. Nilisimama nikaenda hadi mbele yake, nikapiga magoti, nikamshika mikono, nikasema kwa sauti ambayo Sidi angeisikia pale alipokaa.

"Baba, lile tembo la Sidi. Ni mimi."

Alinitafuta usoni kwa macho yale yenye ukungu. Nyuma yangu nilisikia makuti yameacha kulia. Kisha Sidi akavuta pumzi, akakunja kuti jingine, akaniita nikamshikie upande wa pili, kazi bado ilikuwa nyingi.